Maktaba Mpya, Hifadhidata Ileile: Nani Kabadili Tabia?

Hifadhidata haikuguswa. Seva ni ileile, majedwali ni yaleyale, rekodi ni zilezile. Kilichobadilika ni namba moja kwenye faili la vitegemezi: toleo la maktaba ya ORM, tabaka linalokaa kati ya vitu vya programu na majedwali, likiandika SQL kwa niaba ya msanidi. Hata hivyo, kesho yake ni hifadhidata inayonyooshewa kidole. Malipo yaliyothibitishwa kwenye skrini hayamo kwenye jedwali. Ufunguo msingi unagongana na rekodi ya miaka miwili nyuma. Ripoti ya siku inaihesabu miamala ya leo kuwa ya jana. Msimbo haujaguswa, data haijaguswa, na mambo hayaendi.

Msimamo wangu ni kwamba vioja vya namna hii mara nyingi si hitilafu mpya. Ni mategemeo ya zamani ambayo hayakuandikwa popote. Toleo la zamani lilikuwa likiyatimiza kimyakimya, na toleo jipya limeacha kuyatimiza. Kwa hiyo uchunguzi usianzie kwenye msimbo, wala kwenye dhana ya kwamba maktaba imeharibika. Uanzie kwenye SQL yenyewe inayofika kwenye seva, ya toleo la zamani na ya toleo jipya, zikisomwa bega kwa bega. Ili msimamo huu usiende bila kupingwa, nimewaketisha barazani watu watatu wa kubuni ambao ofisi nyingi za programu zinao: meneja anayepokea simu za wateja, msanidi kijana aliyepandisha toleo, na mzee anayesimamia hifadhidata. Hakuna hata mmoja kati yao anayekubaliana nami.

MENEJA: Ndugu mwandishi, mimi sina muda wa nadharia. Wateja wanapiga simu. La kwanza ni kurudisha toleo la zamani, la pili ni kutoligusa tena. Kilichokuwa kinafanya kazi kiachwe kifanye kazi.

Nusu ya kwanza naipokea, mama, ila kwa sharti. Kurudisha toleo ni hatua sahihi pale unapotaka kuzuia hasara isiendelee. Kosa ni kudhani kwamba ukirudisha msimbo, umerudisha na data. Chukua Hibernate, ORM maarufu ya Java, ambayo wengi waliikuta imepanda bila wao kuikusudia: Spring Boot 3.0, iliyotoka Novemba 2022, ilikuja na Hibernate 6 ndani yake. Katika toleo la 5, entiti ambayo msanidi hakuitajia jenereta ya namba ilichota namba zake, kwenye PostgreSQL, kutoka sikwensi moja ya pamoja iitwayo hibernate_sequence, iliyopanda moja moja. Toleo la 6 lilibadili mambo mawili kwa mpigo. Kila entiti sasa inatafuta sikwensi yake yenyewe, yenye jina la entiti na _SEQ mwishoni, na inachukulia kwamba kila mchoto mmoja unaleta bunda la namba 50. Msanidi hakuandika popote kwamba anategemea sikwensi ya pamoja, wala kwamba anategemea kupanda moja moja. Alitegemea tu.

Tazama kinachofuata. Programu inawashwa, haioni sikwensi ya malipo, inakataa. Hapo bado pana usalama, kwa sababu kelele ipo. Mtu anaunda malipo_seq haraka haraka, anakumbuka kuweka hatua ya 50, anasahau kutaja ianzie wapi, na PostgreSQL inaianzisha kwenye 1. Programu inawaka, kila mtu anashusha pumzi. Lakini kwa kuwa sikwensi ya zamani ilikuwa ikihudumia majedwali yote, jedwali la malipo lina mapengo: lina namba 3, halafu 9, halafu 10, halafu 17, kwa sababu namba za katikati zilikwenda kwa wateja, bidhaa na ankara. Malipo mapya ya kwanza yanapata 1 na yanapita. Ya pili yanapata 2, yanapita. Ya tatu yanagonga 3 na kukataliwa kwa kurudia ufunguo. Mteja anabonyeza tena, anapewa 4, anapita. Simu mnazopokea zitasema mfumo "unakataa mara mojamoja," na atatokea mtu wa kulaumu mtandao. Wakati huohuo, ripoti inayopanga kwa namba ya rekodi, ikiamini kwamba kubwa ndiyo mpya, imeyazika malipo ya leo chini kabisa ya orodha. Hiyo imani kwamba kubwa ndiyo mpya ni tegemeo jingine lisiloandikwa.

Hata urekebishaji wake una mtego. Tuseme namba kubwa kwenye jedwali ni 84,000. Akili ya kawaida inasema anzisha sikwensi upya kwenye 84,001. Hibernate, kwa utaratibu wake wa kawaida wa mabunda, huisoma namba inayotoka kwenye sikwensi kama kilele cha bunda na si mwanzo wake, isipokuwa pale inapokuwa ile namba ya kuanzia iliyotajwa kwenye entiti. Itapokea 84,001, itarudi nyuma na kugawa kuanzia 83,952, na namba 49 kati ya hizo 50 ziko kwenye eneo ambalo tayari lina wenyewe. Inabidi uanze kwenye 84,050 au zaidi. Sasa tuseme mmerekebisha vizuri, mfumo umefanya kazi siku mbili, kisha kwa sababu nyingine kabisa mmeamua kurudi toleo la 5. Ile hibernate_sequence iliachwa pale iliposimama. Itaanza kutoa namba ambazo toleo la 6 limeshazitumia. Kwa hiyo mama, kurudi nyuma ni sawa, ila anayerudi lazima ajue toleo jipya liliandika nini kwenye majedwali kabla ya kuondoka, na jambo hilo halimo kwenye msimbo.

Nusu ya pili, ya kutoligusa tena, siipokei. Matoleo ya zamani hufika siku yakaacha kupokea viraka vya usalama, na fremu nzima inayoyazunguka husonga mbele. Atakayekataa hatua ndogo leo atalazimishwa hatua tatu kwa pamoja baadaye, na kuchunguza hatua tatu kwa pamoja ni kazi ngumu kuliko mara tatu ya kuchunguza moja.

MSANIDI: Lakini mkubwa, majaribio yote yalipita. Kijani mwanzo hadi mwisho. Kama tabia ya hifadhidata imebadilika kweli, majaribio yangeshika.

Yanashika kile yalichoulizwa, mdogo wangu. Mfano ulio bora zaidi ninaoujua ni wa SQLAlchemy, ORM ya Python, ilipotoka mfululizo wa 1 kwenda toleo la 2.0 Januari 2023. Katika matoleo ya zamani ungeweza kufungua muunganisho, kutuma INSERT, na maktaba yenyewe ingeona kwamba hii ni amri ya kuandika na kuifungia muamala bila kuambiwa. Toleo la 2.0 limeiondoa huduma hiyo. Sasa muamala unafunguliwa wenyewe, lakini kuufunga kwa kuthibitisha ni kazi yako; usipothibitisha, muunganisho ukifungwa kila ulichoandika kinafutwa. Washa logi ya SQL uone. Toleo la zamani linaonyesha

INSERT INTO malipo ...
COMMIT

na toleo jipya, kwa msimbo uleule, linaonyesha

BEGIN (implicit)
INSERT INTO malipo ...
ROLLBACK

Angalia hapo katikati: INSERT ni ileile, herufi kwa herufi. Hakuna kosa lililorushwa, hakuna onyo kwenye skrini. Na jaribio lako lililoandika rekodi na kuisoma palepale kupitia muunganisho uleule liliiona, kwa sababu ndani ya muamala mmoja unaona ulichoandika hata kama hujakithibitisha. Jaribio lilisema kweli; rekodi ilikuwepo kwa muda huo. Swali la kama ingekuwepo baada ya muunganisho kufungwa halikuulizwa, kwa kuwa kwa miaka yote hakuna aliyehitaji kuliuliza.

Hapa pana ushahidi mmoja ambao wachunguzi wengi wanaupita. Kwenye PostgreSQL, sikwensi hairudi nyuma muamala unapofutwa. Namba ikishachotwa imeondoka. Kwa hiyo ukikuta sikwensi ya jedwali imefika 12,460 wakati rekodi kubwa kabisa ni 12,310, sikwensi inapanda moja moja, na hakuna aliyefuta kitu, unajua kwamba kuna rekodi zilizojaribu kuingia na hazikubaki. Utajua hata ni kuanzia namba gani. Hakuna logi ya makosa ya programu itakayokupa habari hiyo, kwa sababu kwa upande wa programu hakuna kilichoharibika.

Majaribio yana upofu mwingine wa kimaumbile. Hukimbizwa juu ya hifadhidata tupu, ambamo ufunguo hauwezi kugongana na chochote. Mara nyingi hukimbizwa juu ya SQLite huku kazi halisi ikiwa kwenye PostgreSQL au MySQL. Na mengi hufungwa ndani ya muamala unaofutwa mwishoni ili yasiachie taka, mpangilio mzuri sana, ila ndio hasa unaoficha kosa la kusahau kuthibitisha. Sisemi majaribio hayana faida. Nasema rangi ya kijani baada ya kupandisha ORM inathibitisha jambo dogo kuliko tunavyopenda kuamini.

MSANIDI: Sawa. Basi tungesoma mwongozo wa kuhama toleo. Kila kitu ulichokitaja kimeandikwa humo. Huhitaji kuchungulia SQL kama mpelelezi.

Kimeandikwa, na mwongozo usomwe, tena wote. Lakini mwongozo unaeleza maktaba, wewe haukujui. Tuseme una programu ya Ruby on Rails, na mahali fulani mmeandika sharti la kuondoa rekodi zilizofutwa na za majaribio: where.not yenye hali kuwa "imefutwa" na aina kuwa "jaribio". Hadi toleo la 6.0 sharti hilo lilitafsiriwa kuwa hali isiwe imefutwa, na aina isiwe jaribio. Rekodi yenye kasoro hata moja iliachwa nje. Kuanzia 6.1, iliyotoka Desemba 2020, sharti lilelile linatafsiriwa kuwa si kweli kwamba hali ni imefutwa na aina ni jaribio kwa pamoja. Ni rekodi zenye kasoro zote mbili tu ndizo zinazoachwa. Kwa hiyo rekodi zilizofutwa ambazo si za majaribio zinarudi kwenye orodha kama wafu waliofufuka. Hakuna kosa, hakuna jedwali lililobadilika, hata kasi ni ileile. Mwongozo ulilisema hilo kwa mistari michache, na toleo la 6.0 lilitoa onyo kwa waliopitia humo. Aliyeruka kutoka 5.2 hadi 6.1 hakuliona onyo. Na aliyesoma mistari ile bado alipaswa kukumbuka ni wapi, kati ya mamia ya kweri, aliandika masharti mawili ndani ya where.not moja. Kumbukumbu ya binadamu haifanyi kazi hiyo vizuri. Kulinganisha SQL kunaifanya, kwa sababu sehemu ya WHERE imebadilika umbo na tofauti hiyo inaonekana hata kwa mtu asiyejua Ruby.

Mwongozo na logi, basi, hujibu maswali mawili tofauti. Mwongozo unasema nini kimebadilika kwa watu wote. Logi inasema kipi kati ya hivyo kimekugusa wewe.

Kuna lawama ambayo kijana hakuitoa lakini naisikia kwenye sauti yake: kwa nini watunzi wa maktaba wasiache mambo yalivyo? Jibu ni kwamba mara nyingine ukimya wa zamani ndio uliokuwa hatari. Entity Framework Core ya Microsoft, kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2019, ilipokutana na sharti isiloweza kulitafsiri kuwa SQL ilivuta rekodi zote kwenye kumbukumbu ya programu na kuchujia huko. Kwenye jedwali la rekodi mia hutajua. Kwenye jedwali la milioni, seva inaelemewa na hakuna ajuaye kwa nini. Toleo la 3.0 likaamua kurusha kosa pale pale. Programu nyingi zilivunjika siku hiyo, na mimi nasimama upande wa waliozivunja. Toleo linalokatalia mlangoni ni rafiki kuliko linaloingia na kunyamaza.

MSIMAMIZI WA HIFADHIDATA: Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wanangu. Nimesema tangu zamani: hii ORM ni dalali. Anazungumza na mimi kwa niaba yenu, hamjui anasema nini, siku akibadilisha kauli mnakuja kuniuliza mimi. Andikeni SQL kwa mkono muachane naye.

Shikamoo mzee, na dalali nakuachia, mfano umekaa. Lakini ukimfukuza bado kuna mwingine nyuma yake. Anayeandika SQL kwa mkono katika .NET juu ya PostgreSQL anapita kwenye Npgsql, ambayo kwa asili ni dereva na si ORM. Toleo lake la 6.0, la Novemba 2021, lilibadilisha namna ya kushika tarehe na saa. Kabla ya hapo, ukisoma safuwima yenye muda wa aina ya timestamptz, dereva aliubadilisha kuwa saa ya mahali mashine ilipo. Kuanzia 6.0 anakuletea UTC ilivyo. Kwa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambao uko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima bila kusogeza saa wakati wa kiangazi, maana yake inaonekana kirahisi: muamala uliofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, kwa UTC bado uko kwenye tarehe ya jana. Programu inayokata tarehe kutoka kwenye muda huo na kujumlisha mauzo kwa siku itayahamisha mauzo ya saa hizo tatu kwenda siku iliyotangulia. Jumla ya mwezi inakaribia kuwa sawa, isipokuwa pale mwezi unapogeuka. Mhasibu anaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kushtuka.

Na katika toleo hilohilo, upande wa kuandika ulipiga kelele: ukipeleka kwenye timestamptz muda ambao haukutambulishwa kuwa ni UTC, dereva anakataa na kurusha kosa. Ndipo lilipo jambo la kuangalia. Timu inayokutana na kosa la kuandika inalirekebisha, inafurahi, na kuamini kwamba suala la saa limekwisha. Upande wa kusoma, ulionyamaza, unabaki. Aliyeandika SQL kwa mkono yamemkuta yote mawili sawasawa na aliyetumia ORM. Kweri yake haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni maana ya kilichorudi.

MSIMAMIZI: Umenijibu kwa saa. Nijibu kwa triga. Nilikuwa na triga kwenye jedwali la akaunti, inaandika historia ya kila badiliko. Wakapandisha hiyo Entity Framework hadi 7, ikagoma kuhifadhi. Triga ilikuwepo kabla yao. Nani alikosea?

Hapo mzee nakupa haki yako, kwa sababu huo ni upande ambao hoja yangu ya mwanzo haikuufikia vizuri. Entity Framework Core 7, ya Novemba 2022, ilibadilisha SQL inayotumwa kwenye SQL Server ili kuhifadhi kwa haraka zaidi: inatumia kifungu cha OUTPUT kurudishiwa thamani moja kwa moja, na SQL Server haikubali kifungu hicho kitumike hivyo kwenye jedwali lenye triga. Dawa ni kuiambia modeli kwamba jedwali lina triga, nayo inarudi kwenye njia ya zamani. Lakini modeli ilikuwa haijui, kwa kuwa triga yako iliishi upande wako tu. Kwa hiyo mategemeo yasiyoandikwa hayako upande wa programu peke yake. Msanidi alikuwa anategemea sikwensi asiyoitaja. Wewe ulikuwa na triga usiyoitangaza. Toleo jipya liliwakuta nyote wawili. Na lililoonyesha tatizo, kwa wote wawili, ni SQL iliyobadilika, lugha ambayo mzee unaisoma kuliko yeyote hapa. Ndiyo maana nataka wewe uketi kwenye kikao cha kupandisha toleo tangu siku ya kwanza badala ya kuitwa baada ya moto kuwaka.

MENEJA: Mnazungumza kuhusu logi kana kwamba hazina gharama. Logi ya kila SQL inajaza diski. Tena ndani yake kuna namba za simu za wateja, majina, viwango vya pesa. Sheria ipo.

Sheria ipo kweli: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na faili la logi lenye namba za simu za wateja ni taarifa binafsi kama lilivyo jedwali lenyewe. Pingamizi hili ni zito kuliko la kurudisha toleo, na linabadilisha namna ya kufanya kazi ninayopendekeza. Ulinganisho wa bega kwa bega usifanyike kwenye kazi halisi. Ufanyike kwenye nakala ya data iliyofichwa vitambulisho, kwa shughuli chache zinazobeba biashara: kusajili mteja, kupokea malipo, kuyabatilisha, kufunga siku. Shughuli moja inapitishwa kwenye toleo la zamani, kisha ileile kwenye toleo jipya, na SQL mbili zinawekwa pamoja. Unatazama muamala unafunguliwa wapi na kufungwa kwa COMMIT au ROLLBACK. Unatazama umbo la WHERE. Unatazama aina za vigezo, hasa tarehe na namba. Thamani zenyewe kwa kawaida huzihitaji, na maktaba zinajua kuzificha: SQLAlchemy ina mpangilio wa hide_parameters, na Entity Framework Core haiandiki thamani mpaka uiruhusu waziwazi.

Kwenye kazi halisi, tumia kiendelezi cha PostgreSQL kiitwacho pg_stat_statements. Hakihifadhi kila kweri. Kinakusanya zinazofanana umbo, kinaweka alama mahali pa thamani, na kinahesabu zimeitwa mara ngapi, zimetumia muda gani, zimerudisha rekodi ngapi. Chukua picha yake kabla ya kupandisha na nyingine baada ya siku ya kawaida ya kazi. Kweri iliyoitwa mara elfu ikageuka laki inajitokeza yenyewe. Hali kadhalika kinyume chake, kama ilivyotokea tena kwenye Entity Framework Core 3.0, ilipoacha kutuma kweri kadhaa kwa ajili ya makusanyo na kuyaunganisha yote kwenye kweri moja yenye JOIN: kitu chenye makusanyo mawili ya rekodi 100 kila moja kikawa kinarudisha mistari 10,000. Idadi ya miito ilishuka, mtu akapongezwa, kisha kumbukumbu ikajaa. Toleo la 5.0 lilirudisha njia ya kuzitenganisha kwa hiari.

Tahadhari moja ndogo ambayo huwapoteza watu wa Hibernate kwa saa nyingi. Jina la logi inayoonyesha thamani za vigezo lilibadilika kati ya 5 na 6. Sasa ni org.hibernate.orm.jdbc.bind. Usanidi wenu wa zamani wa logi utakubalika bila kosa na hautaonyesha kitu. Mtu atasema vigezo havitumwi kabisa, ataanza kutafuta hitilafu isiyokuwepo.

MSANIDI: Na zile swichi za kurudisha tabia ya zamani? Npgsql ina EnableLegacyTimestampBehavior, Hibernate ina db_structure_naming_strategy. Unawasha, wateja wanatulia, maisha yanaendelea. Hilo nalo unalikataa?

Silikatai. Nalitaka lifanye kazi nyingine kabla ya hiyo. Swichi ya tabia ya zamani ni kipimo kizuri sana. Dalili ikitoweka ukiiwasha na kurudi ukiizima, umeshajua chanzo kwa uhakika ambao saa kumi za kubahatisha zisingekupa. Dalili isipotoweka, nayo ni habari: ulichokuwa unakilaumu sicho. Wengi huwasha swichi nne kwa pamoja, mambo yakatulia, na wasijue ni ipi iliyotuliza. Washa moja, pima, izime, washa nyingine.

Baada ya kipimo, ndiyo, iache iwake ikiwa biashara inahitaji. Lakini mzee pale ananiangalia kwa jicho la mtu aliyeona swichi za muda zikikaa miaka saba, na najua atakachosema.

MSIMAMIZI: Nitasema kila swichi iandikwe kwenye hifadhidata yangu, si kwenye msimbo wenu. Jedwali moja: swichi, sababu, nani aliiwasha, lini inazimwa. Na sikwensi nizitengeneze mimi, kwa majina yangu, kwa hatua ninayoitaka.

La jedwali la swichi nalipokea. La sikwensi napokea robo tatu yake. Uziunde wewe, lakini entiti kwenye msimbo itaje waziwazi jina la sikwensi na ukubwa wa bunda, hata kama ni sawa na chaguo-msingi la leo, ili pande zote mbili ziwe na kauli moja iliyoandikwa na tofauti ikitokea Hibernate yenyewe ikatae kuwaka. Vivyo hivyo kwenye Python kila muamala ufunguliwe na kuthibitishwa kwa mkono, na kwenye .NET kila muda uhifadhiwe kwa UTC na kugeuzwa kuwa saa ya Afrika Mashariki mahali pamoja panapojulikana, kabla ya kukata tarehe.

MSIMAMIZI: Na hatua iwe 1, si 50. Sitaki mapengo kwenye namba zangu.

Mapengo utayapata hata kwa 1, mzee. Umesikia kwamba muamala ukifutwa namba hairudi. Kwa hatua ya 1 programu itakuja kwako kuchota kila inapoandika rekodi moja, na faili la kuingiza malipo 5,000 litakugongea hodi mara 5,000 badala ya mara mia moja na kitu. Hapo hatujakubaliana, na sidhani kama tutakubaliana kabla ya mama meneja kutuonyesha faili la malipo la mwisho wa mwezi lina mistari mingapi.